Mwenye Timu, Mwenye Mashindano

Usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, nilikuwa nimebanana na watu wasiopungua hamsini ndani ya kibanda umiza kimoja cha Temeke, wengi wetu tukiwa tumetoka kufuturu, tukiitazama Yanga ikicheza na Mamelodi Sundowns katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria. Mechi ya kwanza ya robo fainali hiyo ya Ligi ya Mabingwa Afrika, iliyochezwa kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar es Salaam, siku sita kabla, ilikuwa imemalizika bila bao. Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki wa Yanga aliachia shuti kutoka nje ya boksi, mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini kwenye mstari na kurudi uwanjani, na kibanda kizima kikanyanyuka kwa pamoja kiasi kwamba benchi tulilokalia lilipinduka. Bao halikukubaliwa. Picha zilirudiwa mara nyingi, kila mmoja akaona alichotaka kuona, mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti na Sundowns ikapita kwa 3-2. Tulipokuwa tunatoka, tukitafuta ndala zetu mlangoni, mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza swali ambalo halikumlenga mtu yeyote: "Timu ya nani ile? Na CAF ya nani?"

Majibu ya maswali yale mawili yanapatikana katika nyumba moja. Sundowns ni mali ya familia ya Patrice Motsepe, bilionea wa madini wa Afrika Kusini, na mwenyekiti wake ni mwanawe, Tlhopie. Rais wa Shirikisho la Soka Afrika, yaani CAF, ni Patrice Motsepe mwenyewe. Sijawahi kuona ushahidi kwamba rais huyo aliingilia mechi ile au nyingine yoyote, na sidai hivyo hapa. Hata hivyo swali la mzee limenikaa, kwa sababu mimi ni mkaguzi wa mahesabu, na katika kazi yetu shaka ambayo haiwezi kuondolewa kwa nyaraka huhesabiwa kuwa kasoro hata kama hakuna shilingi iliyopotea. Nimejikuta nikiifuatilia safari ya mtu huyu kutoka kwenye biashara hadi kwenye uongozi wa michezo, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyoona kwamba uzuri wake na tatizo lake vimetoka chungu kimoja.

Motsepe alizaliwa Soweto tarehe 28 Januari 1962. Baba yake, Augustine, alikuwa mwalimu aliyeacha chaki na kufungua duka Hammanskraal, kaskazini mwa Pretoria, duka lililogeuka pia kuwa mahali pa kunywea bia pa wafanyakazi wa migodini. Patrice alikaa nyuma ya kaunta ya duka hilo tangu utotoni. Wanaomfahamu mtoto wa mwenye duka wanajua malezi yake: anajifunza kuhesabu chenji kabla ya kujifunza jedwali la kuzidisha, anajua nani anakopa na kulipa na nani anakopa na kubadili njia ya kupita, na anajua kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wateja wa duka lile walikuwa watu wanaoshuka ardhini, na nadhani mazungumzo yao ya jioni yalimfundisha mgodi kabla hajauona.

Alisoma Chuo Kikuu cha Swaziland, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akijikita katika sheria za madini na biashara. Mwaka 1988 alijiunga na kampuni ya mawakili ya Bowman Gilfillan ya Johannesburg, na mwaka 1994, mwaka uleule ambao Nelson Mandela alikula kiapo cha urais, akawa mwanasheria mweusi wa kwanza kufanywa mbia wa kampuni hiyo. Mtu mwingine angetulia pale. Yeye, mwaka huohuo, alianzisha kampuni ya kufagia.

Nataka kuieleza kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu wengi wanaomwita bilionea wanadhani aliokota almasi njiani. Katika migodi mirefu ya dhahabu ya Afrika Kusini, mwamba ukishalipuliwa na mawe makubwa kukokotwa kwenda juu, chini hubaki unga wa mawe uliojaa kwenye nyufa za sakafu ya mgodi. Unga huo una dhahabu, na mara nyingi una dhahabu nyingi kuliko mawe yenyewe, ila kuutoa ni kazi ya watu waliopiga magoti gizani na brashi, sentimita kwa sentimita, kwenye upenyo ambao mtu hawezi kusimama wima. Kampuni kubwa hazikupenda kuihangaikia. Kampuni ya Motsepe, Future Mining, iliichukua kazi hiyo kwa mkataba, na iliwalipa wafanyakazi mshahara mdogo wa msingi pamoja na sehemu ya faida, kwa hiyo aliyefagia kwa makini aliondoka na kingi kuliko aliyefagia ovyo.

Hatua ya pili ilifuata mantiki ileile ya kuokota kilichoachwa na wakubwa. Mwaka 1997 bei ya dhahabu ilikuwa inaporomoka, na wamiliki wakubwa wa migodi walikuwa wanatafuta namna ya kuachana na mashimo yasiyowalipa. Motsepe alitaka kununua mashimo ya Orkney, karibu na mto Vaal, lakini mabenki yalimkatalia mkopo. Hatimaye wauzaji wenyewe, kundi lililokuja kujulikana kama AngloGold, walikubali awalipe kidogokidogo kutoka kwenye faida atakayoipata. Kwa lugha ya mtaani, aliuziwa ng'ombe kwa ahadi ya maziwa yake. Alipunguza gharama za uendeshaji, akawapa wachimbaji sehemu ya faida, na mashimo yaliyoonekana yamekufa yakafufuka. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la Johannesburg mwaka 2002, mwaka uliofuata ikaungana na nyingine, mwaka 2004 ikazaliwa African Rainbow Minerals, na mwaka 2008 jarida la Forbes likamworodhesha kuwa bilionea.

Haki inanidai niseme pia upande wa pili. Serikali mpya ya Afrika Kusini ilikuwa na sera ya kuwainua kiuchumi watu weusi waliobaguliwa na makaburu, sera iliyowalazimu wenye migodi kutafuta wabia weusi, na lawama ya miaka mingi nchini humo ni kwamba waliofaidi walikuwa wachache wenye majina na jamaa. Dada yake mmoja, Tshepo, ameolewa na Cyril Ramaphosa, ambaye sasa ni rais wa nchi. Mwingine, Bridgette, ambaye naye ni mfanyabiashara wa madini, ameolewa na Jeff Radebe, aliyekuwa waziri kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Motsepe aliahidi kutoa angalau nusu ya utajiri wa familia yake kwa hisani, Mwafrika wa kwanza kujiunga na ahadi hiyo ya mabilionea iliyoasisiwa na Warren Buffett na akina Gates. Kwa hiyo mtu huyu hakuwahi kuwa mbali na madaraka, na hakuwa bahili. Sifa hizo mbili ndizo alizoingia nazo kwenye mpira.

Alinunua asilimia 51 ya Sundowns mwaka 2003, na mwaka uliofuata akaichukua yote. Hapa ndipo mfanyabiashara makini wa Orkney alipotea kwa muda. Katika miaka iliyofuata klabu hiyo iliwaajiri makocha Henri Michel, Hristo Stoichkov na Johan Neeskens, majina ambayo sisi tulioyasikia redioni tukiwa watoto tulidhani hayawezi kutua Afrika ila kwa likizo, na mwaka 2007 Barcelona iliitwa Pretoria kwa mechi ya kirafiki. Ligi ilitwaliwa mwaka 2006 na 2007, kisha ukame ukaingia. Chini ya Neeskens, Sundowns iliifunga timu ndogo ya Powerlines mabao 24-0 katika kombe la nchi hiyo mwaka 2012, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa inavuta mkia katika msimamo wa ligi. Hesabu za namna hiyo hazina jina katika vitabu vyetu.

Desemba 2012 kazi ilikabidhiwa kwa Pitso Mosimane, mzaliwa wa nchi hiyohiyo, mtu ambaye timu ya taifa ilikuwa imemwondoa miezi michache tu kabla. Unaona tena ile tabia ya kuokota kilichoachwa? Mosimane alipewa muda, na klabu ikajenga idara za uchunguzi wa wapinzani na usajili ambazo vigogo wengi wa kanda ya kusini hawakuwa nazo. Ubingwa ulirudi mwaka 2014. Mwaka 2016 Sundowns ikawa bingwa wa Afrika kwa kuifunga Zamalek ya Misri kwa jumla ya mabao 3-1, na kuanzia mwaka 2018 hadi 2025 ikatwaa ligi mara nane mfululizo. Wazanzibari wanaweza kudai hisa katika kombe lile la 2016, maana Sundowns ilikuwa imeshatolewa na AS Vita Club ya Kinshasa, ikarudishwa mashindanoni baada ya Vita kuenguliwa kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili katika mechi dhidi ya Mafunzo ya Zanzibar.

Mpaka hapo, kila kitu alichokigusa Motsepe kilikuwa chake. Mashimo yalikuwa yake na klabu ilikuwa yake; alipokosea na Stoichkov alipoteza fedha zake, na alipopatia na Mosimane alivuna alichopanda.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu ya mtaa kwa misimu miwili. Tulikuwa na mfadhili, mtu mkarimu kwelikweli, aliyetununulia jezi, mipira na chai ya mazoezini. Baada ya miezi michache tukamchagua mwenyekiti, kwa sababu nani angemchagua mwingine? Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kufunga hesabu. Nikiuliza stakabadhi ya jezi naambiwa ni hisani. Nikiandika kuwa ni hisani naambiwa timu inadaiwa. Hakuiba hata senti. Alishindwa tu kutofautisha mfuko wake na mfuko wetu, na sisi wanachama, tukila chai yake, hatukuwa na mdomo wa kumwambia. Nimelileta jambo hili dogo kwa sababu lilinifundisha kusoma lililotokea Rabat.

Tarehe 12 Machi 2021 wajumbe wa CAF walikutana Rabat, Morocco, kumchagua rais. Shirikisho lilikuwa limechoka. Issa Hayatou wa Cameroon alikuwa ametawala kwa miaka 29 hadi mwaka 2017. Mrithi wake, Ahmad Ahmad wa Madagascar, alifungiwa na FIFA Novemba 2020 kwa makosa ya maadili yakiwemo ya matumizi ya fedha. Kabla ya hapo FIFA ilikuwa imemtuma Katibu Mkuu wake, Fatma Samoura, akae Cairo, yaliko makao makuu ya CAF, miezi sita kusimamia mambo, na wakaguzi wa nje wakaletwa kufukua vitabu. Wagombea walikuwa wanne: Motsepe, Augustin Senghor wa Senegal, Ahmed Yahya wa Mauritania na Jacques Anouma wa Ivory Coast. Siku chache kabla ya uchaguzi, kwa mashauriano ambayo mkono wa FIFA na rais wake Gianni Infantino ulionekana wazi, watatu walijitoa. Senghor akawa makamu wa kwanza, Yahya makamu wa pili, Anouma mshauri, na Motsepe akapitishwa kwa makofi.

Kwa makofi. Mtu aliyejenga utajiri kwa kushindana na waliomzidi mtaji alikipata kiti hiki bila kushindana na yeyote, na Machi 2025, mjini Cairo, alikipata tena bila mpinzani. Wapo wanaoona huo ni umoja wa Afrika. Mimi naona ni wajumbe 54 waliojinyima nafasi ya kumuuliza mgombea maswali, na la kwanza lingekuwa lile la Sundowns. Yeye alijiuzulu uenyekiti wa klabu, na sheria ikatulia. Nafasi ikaenda kwa mwanawe. Mswahili akisikia hivyo hatafuti kanuni, anakumbuka tu kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana amefanya kazi. Bingwa wa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Cameroon, iliyochezwa mwaka 2022, alipata dola milioni 5. Wa Ivory Coast mwaka 2024 alipata milioni 7. Kwa mashindano ya Morocco zawadi ikapandishwa hadi milioni 10. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa alifikishwa dola milioni 4. Klabu zinazoanzia raundi za awali, ambazo zamani zilisafiri kwa michango ya wanachama na huruma ya wabunge, zilianza kupewa dola 50,000 kila moja. Taasisi ya familia yake ilitoa dola milioni 10 kwa ajili ya mashindano ya shule za Afrika, ambayo wasichana wa Fountain Gate ya Tanzania waliyashinda Durban mwaka 2023, na ambayo yalikuja Amaan, Zanzibar, mwaka uliofuata. Nani atamlaumu? Lakini nikiwa mweka hazina wa zamani naona chai na jezi. Fedha za mwenyekiti zikishaingia katika mashindano ya chama, ni mjumbe gani atakayesimama kwenye mkutano mkuu kuuliza?

Mahali ambapo tabia ya mwenye mali ilionekana kuliko pote ni Arusha. Tarehe 10 Agosti 2022, katika mkutano mkuu wa CAF uliofanyika mjini humo, ilitangazwa Super League ya Afrika: klabu 24, zawadi za jumla dola milioni 100, kuanza mwaka mmoja baadaye. Mfanyabiashara wa kawaida hutangaza hivyo anapotafuta wawekezaji, kwani tangazo lenyewe ni chambo. Wawekezaji wa kiasi hicho hawakuonekana. Kilichokuja, Oktoba 2023, ni African Football League ya klabu nane, iliyofunguliwa kwa Mkapa kwa Simba na Al Ahly ya Misri kutoka 2-2 mbele ya Infantino na Motsepe. Nilikuwepo jukwaani. Uwanja ulikuwa umefanyiwa ukarabati, taa na nyasi vikipendeza, na Simba waliotangulia kufungwa waligeuza matokeo mpaka 2-1 kabla ya kusawazishiwa. Kwa usiku ule mmoja niliamini kila nilichoambiwa. Simba ikatolewa Cairo kwa kanuni ya bao la ugenini. Kombe, mwezi uliofuata, likachukuliwa na Sundowns. Mwaka uliofuata mashindano hayo hayakurudi.

Tafakari mgodi wa Orkney ukiwa na historia kama hiyo: mwenye mgodi angeandika hasara, angefunga shimo na kwenda zake, na asingedaiwa maelezo na mtu. Mashindano ya bara hayafungwi kimyakimya namna hiyo. Klabu zilikuwa zimepanga bajeti, mashabiki walikuwa wamehesabu siku, na wenye haki ya kuambiwa sababu walikuwa mashirikisho 54 na watu waliolipa kiingilio. Mshtuko wa aina hiyo ulirudi Desemba 2025, mkesha wa AFCON ya Morocco, ilipotangazwa kwamba baada ya mwaka 2028 mashindano hayo yatachezwa kila baada ya miaka minne badala ya miwili. Huenda uamuzi una hesabu nzuri nyuma yake, hasa kalenda ya klabu za Ulaya, lakini AFCON ndiyo shamba linalolisha CAF, na jambo kama hilo lilistahili kujadiliwa na wakulima kabla ya kutangazwa na mwenye jembe.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambayo naiweka katika upande wake mzuri wa daftari. Tarehe 24 Januari 2022, nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu wanane walikufa katika msongamano kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro. Desturi ya mashirikisho yetu ni kutoa rambirambi na kuunda tume ambayo ripoti yake husomwa na panya. Kesho yake Motsepe alisimama mbele ya waandishi na kueleza kwamba geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa, tena kwa sababu isiyoelezeka, na robo fainali iliyopangwa kuchezwa Olembe ikahamishiwa uwanja mwingine. Nilimsikia mtu anayejua kwamba ajali ya mgodini haianzi siku ya ajali. Wakenya waliokasirishwa Agosti 2025, CAF ilipopunguza idadi ya watazamaji Kasarani wakati wa CHAN, michuano ya mataifa kwa wachezaji wa ligi za ndani, baada ya watu kuingia bila tiketi, walikuwa na haki ya kukasirika kwa namna walivyoambiwa, ila kuhusu jambo lenyewe mimi nilikuwa upande wa CAF.

Sisi tunajidanganya tukidhani haya ni ya Afrika Kusini pekee. Simba ilimpokea mfanyabiashara Mohammed Dewji na uwekezaji wake, ikamwajiri Barbara Gonzalez kuwa mtendaji mkuu mwaka 2020. Yanga ikamchagua mhandisi Hersi Said, aliyetokea katika GSM, kundi la kampuni linaloifadhili klabu hiyo, kuwa rais mwaka 2022, na leo anaongoza pia umoja wa klabu za Afrika. Klabu zetu zimepiga hatua kubwa mikononi mwa watu wa biashara, na anayekataa hilo hakuzijua zamani. Swali la mfadhili mmoja kuwa na mkono katika timu kadhaa za ligi moja limezungumzwa sana vijiweni na kidogo sana kwenye mikutano. Na wale tuliopiga kelele usiku wa Aziz Ki, je, tungepiga kelele kama mtambaa panya ungekuwa wetu?

Muhula wa pili wa Motsepe unamfikisha mwaka 2029, na ndani yake imo AFCON ya 2027, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Septemba 2023. Arusha, alipotangaza ndoto ya dola milioni 100, sasa inajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili hiyo. Nilipita Olmoti, mahali unapojengwa, nikiwa na safari zangu, nikasimama kando ya uzio kutazama winchi zikifanya kazi. Nilikuwa na daftari mkononi, basi mlinzi akanifuata na kuniuliza kama nimetumwa na CAF. Nikamjibu hapana, mimi ni shabiki tu. Akalegea, akaniazima kofia yake ya plastiki ili niangalie vizuri, kisha akanielekeza kwa kidole sehemu za kuingilia watazamaji zilizokuwa bado matundu matupu kwenye zege. "Hao wakija," akasema, "wanaanza kwa kuhesabu mageti."